Maneno Aliyopewa Yunisi

Mtoto wa kwanza wa Yunisi hakulia. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, asubuhi ya msimu wa palizi, watu wengi wa Ulemo wakiwa mashambani, na kabla pikipiki ya kumpeleka zahanati haijapatikana mtoto alikuwa amekwisha kutoka. Mama mkwe wake, Martina, alimpokea. Akampigapiga mgongoni, akampulizia puani, akamgeuza kichwa chini. Kisha akaacha. Akamviringisha katika kipande cha khanga, akampa mwanamke aliyekuwa amesimama mlangoni, na yule mwanamke akatoka naye kwa mlango wa nyuma bila kuaga.

Martina akaketi kando ya mkeka, akamshika Yunisi mguu, akamwambia kwa Kinyiramba maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Maji yamemwagika, mwanangu, lakini mtungi ni mzima."

"Mtungi ni mzima," wanawake wengine wakaitikia. "Tumshukuru Mungu."

Katika nyumba ile hapakuwa na mtungi. Maji yalikuwa yakichotwa kwa madumu ya njano kutoka kwenye bomba la kijiji, na mtungi wa mwisho wa udongo ulipasuka Yunisi hajaolewa bado. Lakini maneno yale yalikuwa yamebaki, na hapakuwa na mwanamke aliyeyasikia akauliza maana yake. Mtoto asiyelia ni maji. Mama ndiye mtungi. Maji hayawekewi msiba, ila mtungi ukinusurika watu hushukuru, na kesho yake utajazwa tena.

Lazima isemwe kwamba siku ile maneno yale yalimsaidia. Yunisi alikuwa ametoka Shelui, mji wa barabara kuu, kwenye kelele za malori na mama lishe, binti mwenye kicheko kikubwa na sauti ya kwanza katika kwaya, na hakuwa amewahi kupatwa na jambo lililomzidi. Aliyashika maneno yale kama mtu anayeshika ukingo wa kitanda ili asianguke. Mumewe Ezekieli aliporudi kutoka kwenye mashine ya kukamua alizeti alikokuwa akifanya kazi, ni yeye Yunisi aliyemfariji. Alimwambia, "Usihuzunike. Maji yamemwagika, mtungi ni mzima."

Ezekieli akasimama kidogo, ana mafuta mikononi hadi kwenye viwiko. "Ni kweli," akasema. Akachukua jembe, akaenda kupalilia.

Basi hapakuwa na msiba. Hakuna aliyelala pale, hakuna turubai wala chungu cha uji kwa waliokuja kuhani, kwa kuwa hakuna aliyekuja kuhani. Baada ya siku chache Yunisi alikuwa bombani na dumu lake.

Mimba ya pili ilikaa vizuri. Alihudhuria kliniki, alikunywa dawa za kuongeza damu, alikwenda zahanati mapema. Mtoto alikuwa wa kike, na alipumua. Alipumua kwa muda mfupi tu, akafungua mdomo na kuufumba kama anayetafuta titi, akakunja vidole vyake kwenye kidole cha mama yake. Kisha vidole vikalegea.

Martina alikuwepo. Akayasema yale maneno. Safari hii Yunisi aliyasikia kwa sikio jingine. Alitazama mikono yake mwenyewe, akafikiri: maji hayashiki kidole. Lakini hakusema. Angesemaje? Kusema kwamba mtoto yule hakuwa maji kungekuwa kama kuwatukana wote waliokuja kumpa pole kwa maneno hayohayo.

Kisha maneno yakaanza kwenda yenyewe. Ndivyo yalivyo maneno ya namna ile. Ukishamwita mtu mtungi, watu hawataishia hapo. Siku moja bombani, Yunisi akiwa nyuma ya foleni, alimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Mtungi wa kumwaga kila mara huo una ufa mahali." Mwenzake akacheka kwa pua. Hawakujua kwamba yupo. Au labda walijua.

Yunisi aliacha dumu lake palepale, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Tangu hapo alianza kujiona hivyo. Akiinama kufagia na kiuno kikamuuma, alifikiri: ufa. Damu ya mwezi ikiwahi, alifikiri: ninavuja. Martina naye, kwa nia njema kabisa, alimletea mizizi ya kuchemsha kutoka kwa mganga wa kijiji cha pili, akamwambia ni ya kuziba. Yunisi akanywa. Ilikuwa chungu kama nyongo, na alikunywa hadi ikaisha.

Jirani yake aliitwa Amne, mke wa mwuza duka, Mwislamu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na mkono mwepesi wa kutoa. Watu walimwita Mama Zuwena, kwa jina la binti yake mkubwa. Yunisi waliendelea kumwita Yunisi, au mke wa Ezekieli, kwa kuwa hapakuwa na jina la mtoto la kumwitia.

Siku moja walikuwa uani kwa Amne wakichambua mchele. Watoto wa shule wakapita wakipiga kelele, na Amne, bila hata kuinua macho kwenye ungo, akasema, "Sefu wangu angekuwa darasa la nne sasa. Angenisumbua huyo, maana alizaliwa na miguu mirefu."

Yunisi hakuwahi kusikia kwamba Amne ana mtoto aitwaye Sefu. "Sefu yupi, Mama Zuwena?"

"Aliyemfuata Zuwena. Hakufikisha hata arobaini." Amne akarusha pumba, akazipuliza. "Ni ndege wa peponi yule. Siku yenyewe ikifika, atanipokea mlangoni. Sisi tumefundishwa hivyo."

"Na unamkumbuka?"

"Mbona nisimkumbuke? Mwanangu!"

Yunisi alirudi kwake na jambo hilo likamkaa kifuani. Amne naye alifiwa na mtoto mchanga, tena kijiji hikihiki, lakini mtoto wa Amne alikuwa na jina, na miguu, na darasa. Alikuwa akikua huko aliko. Ndege unaweza kuuliza ameruka kwenda wapi. Maji, ardhi ikishayanywa, utauliza nini?

Akajaribu kuwaona wake kuwa ndege. Alifumba macho kanisani wakati wa sala, akajilazimisha. Lakini alichokiona ni mlango wa nyuma ukifungwa tu, na mgongo wa yule mwanamke. Faraja ya Amne ilikuwa ya Amne. Alikuwa amelelewa nayo tangu chuoni, kwa mwalimu wake wa Kurani. Kwa Yunisi ilikuwa kama gauni la kuazima, lilimpwaya.

Mimba ya tatu nusura imwue. Ilikuwa kiangazi, upepo wa Singida ukikwangua vumbi barabarani, na Yunisi alianza kutokwa na damu zikiwa zimebaki wiki kadhaa ajifungue. Walimkimbiza hospitali kubwa. Wauguzi na madaktari walimpigania, na hakuna anayeweza kusema kwamba hawakufanya yote. Alipozinduka, daktari, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mwanangu, mtoto wa kiume hatukumpata. Na damu ilikataa kukata. Ili upone, ilitubidi tuondoe kizazi."

Yunisi alitazama dari. Akauliza swali moja tu: "Mtoto yuko wapi?"

"Amepewa baba yake," daktari akasema.

Yunisi akadhani maana yake ni kwamba Ezekieli alimwona, kisha watu wa hospitali wakamzika. Hakuuliza zaidi. Na Ezekieli, alipoingia wodini, alimshika mkono, akasema pole, akakaa kimya hadi saa ya kutazama wagonjwa ikaisha.

Alipoletwa nyumbani, wanawake walikuja. Walijaa chumbani, wengine chini, wengine kwenye kitanda cha kamba, wote na khanga zao mabegani. Martina akaketi kando yake, akamshika mguu kama siku zile. Akafungua kinywa.

"Maji yamemwagika..." akaanza.

Akakwama.

Kila mtu chumbani alijua sehemu ya pili. Kila mtu alijua pia kwamba safari hii haisemeki. Mwanamke mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kukunja pindo la khanga yake, akalikunjua, akalikunja tena. Martina alibaki kinywa wazi, kisha akaufunika mguu wa Yunisi kwa shuka, taratibu, kama anafunika chakula. Akasema, "Pumzika." Wakatoka mmojammoja. Siku zilizofuata wachache tu walirudi, na waliorudi waliongea habari za mvua.

Hawakuwa wabaya. Walikuwa na maneno ya mtungi mzima, na ya mtungi uliovunjika hawakuwa nayo. Mtu asipokuwa na la kusema mlangoni kwa mwenzake, hupita njia nyingine.

Aliyekuwa na la kusema alikuwa Gervas, baba mdogo wa Ezekieli. Yeye alikuja Jumapili, akakaa barazani na kopo la togwa, akasema kwa sauti iliyokusudiwa ifike hadi ndani. "Ezekieli, mtungi uliovunjika watu hufanyia vigae vya kulishia kuku. Hawaendi nao kisimani. Wewe bado kijana. Elewa ninalokuambia."

Yunisi alikuwa nyuma ya pazia. Alingoja jibu la mumewe. Halikuja. Ezekieli alisema tu, "Togwa imekwisha, baba. Nikuongezee?"

Kimya kile Yunisi alikihesabu kuwa ndiyo. Akaacha kwaya. Akaacha kumngoja Ezekieli ili wale pamoja. Naye Ezekieli alianza kuondoka asubuhi hata siku ambazo mashine haikamui, akaelekea shamba lao la mbali, lile la upande wa mbuga, na kurudi jua likizama. Kulikuwa na kazi gani kiangazi katika shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa? Yunisi hakuuliza. Alijiambia kwamba huko njiani kuna nyumba ya mwanamke. Waliishi hivyo zaidi ya mwaka, wakisalimiana kama wapangaji.

Kisha Rahel akajifungua. Rahel alikuwa mke wa Samweli, mdogo wake Ezekieli, binti mdogo tu, mchangamfu, aliyemwita Yunisi "dada" na kumletea mlenda kila anapochuma. Mtoto wake alizaliwa amekwisha kufa. Martina akatuma mtu amwite Yunisi. Alisema, "Aje yeye. Anajua."

Yunisi hakutaka kwenda. Alikwenda kwa sababu Martina alikuwa mama mkwe wake, na mtu haitwi na mama mkwe akakataa.

Alimkuta Rahel amegeukia ukuta. Wanawake walikuwa walewale, wamekaa kama walivyokaa kwake. Mtoto alikuwa bado kwenye beseni kona ya chumba, amefunikwa. Martina akaanza, "Maji yamemwagika, mwanangu..."

"Mama, samahani," Yunisi akasema.

Martina akageuka. Hakuna aliyewahi kuyakatiza maneno yale.

Yunisi alikuwa amepiga magoti karibu na Rahel. "Rahel," akasema, "umemwona?"

Rahel akatikisa kichwa.

"Unataka kumwona?"

"Yunisi!" Martina akasema. "Unamchokonoa mwenzio kidonda. Mwache asahau."

"Hatasahau, Mama. Mimi sijasahau hata mmoja. Wa kwanza sikumwona. Mpaka leo sijui alikuwa na sura gani. Maji hayana sura, ndiyo maana tunawaita hivyo. Lakini yule wa kike alinishika kidole. Alikuwa mtu."

Kisha kutoka ukutani Rahel akasema, kwa sauti ya mtoto, "Nipeni nimwone."

Yunisi alimleta yeye mwenyewe. Rahel alifunua kitambaa, akatazama kwa muda mrefu. "Masikio ya Samweli," akasema. "Tazama, dada. Masikio ya Samweli haya." Ndipo akalia. Alilia kilio cha msiba, cha juu, kile ambacho majirani wakikisikia huacha jembe na kuja. Na wakaja kweli. Kwa mara ya kwanza katika ukoo ule, nyumba ya mtoto asiyelia ilikuwa na watu wamekaa nje.

Martina alitoka, akaenda kuketi nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa. Yunisi akamfuata akitegemea kugombezwa. Mzee alikuwa anachora ardhi kwa kijiti.

"Kabla ya Ezekieli nilikuwa na wawili," akasema bila kumtazama. "Mama mkwe wangu alinipa maneno yale, na mimi nikayashika. Ningeshika nini kingine? Ungekuwa wewe, ungeshika nini?"

"Sijui, Mama."

"Mmoja alikuwa na nywele nyingi," Martina akasema. Kijiti kikavunjika. Akaendelea kuchora kwa kipande kilichobaki. "Sijawahi kumwambia mtu."

Jioni ile Samweli alimsimulia kaka yake yaliyotokea. Ezekieli alirudi nyumbani akamkuta Yunisi anawasha moto. Akachuchumaa ng'ambo ya mafiga.

"Ni kweli ulimwambia mama kwamba hujamsahau hata mmoja?"

"Ni kweli."

"Hata yule wa mwisho?"

Yunisi akamtazama. Ezekieli alikuwa amekunja uso kama mtu anayezuia kutapika.

"Hospitali walinipa mtoto," akasema. "Nilikuwa peke yangu, mama yuko na wewe. Wakaniuliza kama wazike wao, nikasema hapana, nitampeleka nyumbani. Nikamfunga kwenye kitenge chako kile cha bluu. Nikachukua bodaboda, kijana mmoja anaitwa Mughwai. Nimembeba hivi, kifuani. Njiani yule kijana akaniuliza, 'Kaka, umebeba nini, nikufungie nyuma?' Ningesema nini? Wanaume hatubebi watoto waliokufa, hiyo ni kazi ya kina mama. Nikamwambia..." Akafuta uso kwa kiganja. "Nikamwambia, 'Ni mzigo tu.'"

Kuni zikalialia.

"Mwanangu nilimwita mzigo, Yunisi. Neno hilo haliniachi. Nikiwa mashineni watu wakisema pokea mzigo, shusha mzigo, mimi nasikia yeye."

"Ukampeleka wapi?"

"Shambani. Lile la mbali. Nilichimba mwenyewe. Huwa nakwenda kukaa naye."

Yunisi alishika mdomo. Mwaka mzima alikuwa amemjengea mumewe nyumba ya mwanamke kwenye njia ile, akaipaka na chokaa, na kumbe mwisho wa njia alikuwepo mtoto wao.

"Baba mdogo aliposema vile barazani, ulinyamaza," akasema.

"Ningefungua mdomo ningelia. Mbele yake?"

Walikaa pale hadi sufuria ikaungua. Hakuna aliyeinuka kuiepua.

Kesho yake walikwenda pamoja. Hapakuwa na alama, ila kipande kidogo ambacho Ezekieli alikiacha bila kulima, na nyasi zake zilikuwa ndefu kuliko nyingine. Walimpa jina, Nathan, wakasema sala fupi kwa kuwa hawakujua ndefu ya kumfaa. Kisha Martina, kwa ombi lao, aliwaonyesha wale wengine wawili walipo: nyuma ya nyumba, kando ya minyaa, pale maji ya bafuni yanapotiririkia, mahali pa unyevu ambapo kwa desturi ya wazee watoto kama wale huzikwa. Yunisi alikuwa amemwaga maji ya kuogea juu yao miaka yote ile bila kujua.

Mambo hayakugeuka kuwa mazuri. Gervas hakuacha maneno yake, na mwaka uliofuata alikuja na jina la binti kabisa. Ezekieli alimwambia hapana, akamwambia kwa machozi, na Gervas akaenda akieneza kwamba kijana amerogwa. Yunisi hakurudi kwenye kwaya. Alijaribu mara moja, sauti ikagoma kwenye ubeti wa pili, akakaa. Mama Zuwena alimkuta akilia siku hiyo, akakaa naye bila kusema habari za ndege. Rahel alipata mtoto mwingine, mzima, na Yunisi alimpenda na kumkwepa kwa pamoja.

Wanawake wa Ulemo wengine walianza kumwita wanapofikwa na jambo lile. Wengine walisema asiitwe, anawaliza watu. Yeye alikwenda alikoitwa. Hakuwa na msemo wa kuwapa. Aliuliza tu mtoto alikuwaje, akasikiliza, na akitoka huko alikuwa akiumwa kichwa siku nzima.

Msimu huu walikodi plau ya ng'ombe kwa ajili ya shamba la mbali, kwa kuwa Ezekieli mgongo unamsumbua. Mwenye plau alikuwa kijana wa kijiji kingine, na walipofika shambani alikuwa amekwisha kumaliza, anafungua ng'ombe. Shamba lote lilikuwa limegeuzwa vizuri, mistari imenyooka kutoka mpaka hadi mpaka. Kile kipande chenye nyasi ndefu hakikuwapo tena.

"Shikamooni," yule kijana akawasalimu, akitegemea kusifiwa.

"Marahaba," Ezekieli akajibu.

Hawakumwambia kitu. Lilikuwa kosa lao, hawakumwonyesha. Alipoondoka na ng'ombe wake, Ezekieli alianza kutembea juu ya udongo ule mpya, akisimama, akirudi nyuma, akipima kwa macho kutoka kwenye mti wa mpakani. "Ni hapa," alisema. Kisha, "Hapana. Ni pale." Yunisi alivua kandambili, akatembea upande wake, taratibu, akikanyaga kwa uangalifu kila mahali kwa kuwa popote pangeweza kuwa penyewe.